RIDHAA NA HAKI: FUNZO KUTOKA KLABU ZA RAGA ZA KASKAZINI MWA UINGEREZA



Mada niliyopewa ni kukua kwa klabu ya michezo ya wananchi, yaani klabu isiyo na tajiri aliyeinunua, wala wachezaji wanaoishi kwa mshahara wake. Huenda mmoja wenu akauliza mambo ya mpira yanahusu nini haki na amani. Jibu langu ni fupi. Uwanjani ndipo jamii inapoonyesha waziwazi ni nani imemhesabu kuwa mtu wake, na ni nani imemsahau. Kijana anayekaa nje ya mstari kwa sababu hana nauli, hana viatu, au hana ruhusa ya kuondoka kazini, ametengwa tayari, hata kama hakuna aliyetamka neno la kumtenga.

Kwa ajili hiyo nimechagua mfano mmoja ulio mbali nasi, lakini wenye mafundisho mengi: klabu za ridhaa za raga ya wachezaji 13, mchezo uitwao Rugby League, katika miji ya viwanda na migodi ya kaskazini mwa Uingereza. Raga inayojulikana zaidi katika Afrika Mashariki, hasa Kenya, ni ile ya wachezaji 15 au 7. Hii ya 13 ni ndugu yake, na walitengana kwa ugomvi. Ugomvi wenyewe ulihusu ujira wa mfanyakazi.

1. MAANA YA NENO RIDHAA

Katika lugha yetu mchezaji asiyelipwa huitwa mchezaji wa ridhaa. Neno hili ni zuri kuliko tunavyodhani. Ridhaa ni kukubali kwa moyo mweupe, pasipo kulazimishwa. Basi mchezaji wa ridhaa ni yule aliyekubali kutoa nguvu zake bure. Lakini ili mtu akubali kwa hiari, hana budi kuwa na uwezo wa kuchagua. Mtu ambaye akicheza watoto wake watalala na njaa hana ridhaa ya kutoa. Ana mlango uliofungwa tu. Naomba tulishike jambo hili, kwa maana ndiyo shina la mazungumzo yetu: haki hutangulia, na kujitolea hufuata. Tukigeuza utaratibu huo, tunawaita wenye nafasi watu wa kujitolea, na wasio na nafasi tunawaita wavivu.

2. UJIRA WA NUSU SIKU

Chama cha raga cha Uingereza, Rugby Football Union, kilianzishwa London mwaka 1871. Waliokiongoza wengi walikuwa mabwana waliosoma shule za gharama kubwa. Walikuwa na mali na wakati, na kwao kucheza bila malipo lilikuwa jambo la heshima. Lakini katika miaka iliyofuata mchezo ulienea kwa kasi katika kaunti za Yorkshire na Lancashire, miongoni mwa wachimba makaa ya mawe, wafanyakazi wa viwanda vya nguo, na makuli wa bandarini. Watu hawa walifanya kazi hata Jumamosi asubuhi. Mechi ilipokuwa katika mji mwingine, mchezaji alilazimika kuondoka kazini mapema, na saa alizokosa zilikatwa katika ujira wake. Akiumia, alipoteza ujira wa wiki nzima au zaidi.

Klabu za kaskazini hazikuomba wachezaji wapewe mshahara wa kucheza. Ziliomba mchezaji afidiwe ujira alioupoteza kwa kweli, basi. Hoja hiyo ilipelekwa na wajumbe wa Yorkshire katika mkutano mkuu uliofanyika London mwezi Septemba 1893. Ikakataliwa kwa kura 282 dhidi ya 136. Wengi wa waliopinga hawakuwahi kukatwa ujira kwa sababu ya mchezo. Na wachimba migodi waliokatwa ujira hawakuwemo ukumbini. Wahenga walisema kweli: asiyekuwepo na lake halipo.

Tuwe waadilifu kwa waliopinga. Miongoni mwao alikuwemo Frank Marshall, kasisi wa Kanisa la Anglikana na mwalimu mkuu wa shule huko Almondbury, karibu na Huddersfield. Yeye na wenzake waliogopa kwamba fedha ikishaingia mchezoni, klabu zenye uwezo zitawanunua wachezaji wote wazuri, na furaha ya mchezo itageuka biashara. Walikuwa wameuona mpira wa miguu ukiruhusu malipo mwaka 1885. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Kosa lao lilikuwa kumtwika mnyonge gharama yote ya kuulinda usafi wa mchezo. Aliyekuwa na mali aliulinda bila kupoteza kitu. Asiyekuwa na mali aliulinda kwa mkate wa watoto wake.

Mnamo tarehe 29 Agosti 1895 wajumbe wa klabu za kaskazini walikutana katika George Hotel mjini Huddersfield, wakajitenga na kuunda umoja wao. Msimu wa kwanza ulichezwa na klabu 22. Fidia waliyoiweka haikuzidi shilingi 6 kwa siku. Hata waliporuhusu malipo kamili mwaka 1898, walitaka kila mchezaji awe na kazi yake halali nje ya mchezo, ili asiishi kwa kuzurura katika baa. Mwaka 1906 walipunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13, na mwaka 1922 wakakiita chama chao Rugby Football League.

3. KLABU HUOTA MIZIZI WAPI

Ndugu zangu, klabu ya wananchi haianzi na uwanja. Huanza na watu ambao tayari wana sababu ya kukutana. Mjini Wakefield vijana wa kanisa la Holy Trinity walianzisha klabu mwaka 1873, na hadi leo inaitwa Wakefield Trinity. Mjini Hull wanagenzi wa kazi ya boila walianzisha timu mwaka 1882, ambayo baadaye ikawa Hull Kingston Rovers. Hizo mbili zilikua zikawa klabu kubwa za kulipwa. Nyingine zilibaki za ridhaa, na katika hizo majina ya watakatifu ni mengi: Wigan St Patricks, Wigan St Judes, Orrell St James.

Tuichukue Wigan St Patricks. Ilianza mwaka 1910 katika mtaa wa Scholes, mahali walipokaa wahamiaji wengi kutoka Ireland waliokuja kutafuta kazi. Wahamiaji wale walikuwa wageni, maskini, na mara nyingi walidharauliwa. Parokia iliwapa mahali pa kusali na kusomesha watoto. Timu iliwapa mahali pa kukutana na majirani wao kwa usawa. Kwa zaidi ya miaka 100 klabu hiyo imelea watoto wa mtaa. Baadhi yao, kama Andy Gregory na Sean O'Loughlin, walifika hadi timu ya taifa. Walio wengi hawakufika huko. Walicheza, wakazeeka, wakawaleta watoto wao.

Shina jingine lilikuwa mgodi. Mwaka 1920 sheria ya Uingereza iliwataka wenye migodi watoe peni moja kwa kila tani ya makaa ya mawe iliyochimbwa, kwa ajili ya mfuko wa ustawi wa wachimbaji. Kutokana na mfuko huo vilijengwa viwanja, kumbi na mabafu katika vijiji vya migodi. Haba na haba hujaza kibaba: peni ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa ya kila tani, tena kwa sheria. Wachimbaji hawakupiga magoti kuomba uwanja. Uwanja ulitokana na jasho lao wenyewe. Hapo mnaona tofauti kati ya sadaka na haki. Sadaka humtegemea mwenye kutoa, naye akichoka hukoma. Haki huandikwa.

Mgomo mkubwa wa wachimbaji ulidumu kuanzia Machi 1984 hadi Machi 1985, ukashindwa, na migodi ikazidi kufungwa. Mgodi wa mwisho wa chini sana ardhini, Kellingley huko Yorkshire, ulifungwa Desemba 2015. Ajira ilikwisha, lakini klabu nyingi hazikufa pamoja na migodi. Leigh Miners Rangers bado inabeba jina la wachimbaji katika mji usio na mgodi. Kijiji kilichopoteza kazi yake kilibaki na sababu ya kukutana siku ya Jumamosi.

4. ADHABU ILIYODUMU

Baada ya mwaka 1895 chama cha London kiliweka sheria kali. Mtu aliyecheza na klabu za kaskazini alifungiwa maisha katika raga ya wachezaji 15, hata kama hakupokea senti. Wachezaji waliokwenda kufanyiwa majaribio walifichwa majina yao, na magazeti yakawaandika kwa jina la bandia, ili wakikataliwa waweze kurudi kwao bila kuadhibiwa. Tazameni ajabu hiyo: mchezaji wa ridhaa wa Wigan, asiyelipwa chochote, alihesabiwa kuwa ametiwa doa la fedha. Mwaka 1987 ndipo wachezaji wa ridhaa wa pande zote mbili waliporuhusiwa kuvuka. Na Agosti 1995, miaka 100 kamili baada ya mkutano wa Huddersfield, raga ya wachezaji 15 nayo ikaruhusu malipo. Yale yaliyowafukuza wachimba migodi yakakubaliwa na wote, na hakuna aliyerudisha miaka waliyonyimwa.

Nasema haya si kwa kufukua makaburi. Nasema ili tujue kwamba sheria isiyo ya haki yaweza kudumu karne nzima huku ikivaa vazi la maadili mema.

5. SIKU WENYE KUJITOLEA WALIPOJIONGOZA WENYEWE

Msidhani ya kuwa waliodhulumiwa hawawezi kuwasahau wengine. Chama cha kaskazini kilipokua, macho yake yalielekea zaidi kwenye klabu za kulipwa, kwa maana huko ndiko kulikuwa na viingilio na magazeti. Klabu za ridhaa zilipungua mwaka hata mwaka. Kufikia mwaka 1973 zilibaki timu za ridhaa zisizozidi 150, na timu za vijana zipatazo 30 tu. Mti ulikuwa bado na matunda juu, lakini mizizi ilikuwa inakauka.

Mwaka huo watu wachache, miongoni mwao Maurice Oldroyd, walikutana mjini Huddersfield wakaunda chama cha raga ya ridhaa, kinachojulikana kwa kifupi kama BARLA. Klabu za kulipwa zilikataa mwanzoni kukitambua; baadaye zikakubali. Chama hicho kiliunganisha ligi zilizotawanyika, kikaweka utaratibu wa timu za vijana, na kuanzia mwaka 1986 pakawepo ligi ya kitaifa ya klabu za ridhaa.

Fedha nyingi hazikuwepo. Kilichobadilika ni mahali pa kufanyia maamuzi. Kabla ya hapo, mambo ya klabu za ridhaa yaliamuliwa na watu wenye mawazo mengine. Sasa yaliamuliwa na wale wale waliofua jezi, waliochora mistari uwanjani, na waliosimama kwenye mvua. Halmashauri zetu zina la kujifunza hapo. Tunawaita vijana wafanye kazi, na mara chache tunawaita waamue.

6. JINSI KLABU INAVYOKUA

Niruhusuni sasa nieleze kwa vitendo. Klabu nyingi huanza na timu moja ya watu wazima. Timu ya namna hiyo ina umri wa kuishi. Wachezaji huoa, huumia, huhama kutafuta kazi, na ndani ya miaka kumi imekwisha. Klabu inayotaka kudumu hujenga kutoka chini: watoto wadogo kwanza, katika viwanja vidogo na timu ndogo, kisha kila mwaka kundi jipya huongezwa, hadi mtoto aliyeanza na miaka saba acheze na watu wazima. Kazi hiyo huchukua muda wa zaidi ya miaka kumi. Asiye na subira asiianze.

Kila kundi la watoto linahitaji kocha, mtu wa huduma ya kwanza, na mtu wa kuangalia usalama wa watoto. Tangu mwaka 2002 Uingereza ina utaratibu wa serikali wa kuchunguza rekodi ya jinai ya watu wazima wanaofanya kazi na watoto. Wengine hulalamika kwamba karatasi ni nyingi. Lakini mzazi anapomwacha mwanawe uwanjani anatoa kitu chenye thamani kuliko fedha yoyote. Nia njema ya kocha haitoshi kuwa dhamana.

Aidha, klabu hukua inapouliza ni nani hayupo. Wanawake walikuwepo siku zote: walipika, walifua, walikusanya michango. Mwaka 1985 waliunda chama chao cha ridhaa ili wacheze wenyewe, na mwaka 2017 ligi kuu yao ikaanza. Hali kadhalika, mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulibuniwa nchini Ufaransa mchezo wa raga hii kwa viti vya magurudumu, ambamo wenye ulemavu na wasio na ulemavu, wanaume na wanawake, hucheza katika timu moja. Katika fainali ya Kombe la Dunia iliyochezwa Manchester Novemba 2022, Uingereza iliishinda Ufaransa 28 kwa 24.

Tena klabu hukua inapokubali kubadili desturi kwa faida ya wote. Raga hii ilikuwa mchezo wa majira ya baridi, na mara nyingi mechi ziliahirishwa kwa sababu viwanja viliganda au vilijaa tope. Mwaka 2012 ligi kuu ya klabu za ridhaa ilihamia majira ya joto. Si klabu zote zilizopenda, na nyingine ziliendelea kucheza wakati wa baridi. Wakabishana, na ligi zote mbili zikaendelea. Kutofautiana si lazima kuwe kufarakana.

7. HATARI MBILI

Hatari ya kwanza ni kupima klabu kwa nyota wake. Klabu za kulipwa huwatazama vijana wa klabu za ridhaa na kuwachagua wachache. Ni heshima, na tusimzuie kijana kupata riziki yake. Lakini klabu inayolea watoto 200 ili mmoja auzwe imewageuza wale 199 kuwa takataka za kiwandani. Kipimo cha klabu ya wananchi ni hawa wanaobaki: je, wanabaki na nini?

Hatari ya pili ni kumchosha anayejitolea. Katika kila klabu yupo mtu mmoja, mara nyingi mama, ambaye ndiye katibu, mhazini, mpishi na mfuaji. Wote humsifu. Siku anapougua, klabu inasimama. Sifa hizo nazo ni namna ya dhuluma, ndugu zangu, iwapo zinachukua nafasi ya msaada. Wale mabwana wa London walimtaka mchimba mgodi atoe asichoweza kutoa, kwa jina la heshima ya mchezo. Tujihadhari tusimtendee vivyo hivyo mama huyu kwa jina la moyo wake mwema.

8. YATUPASAYO KUFANYA

Karibu kila parokia ina timu ya vijana, au ina vijana wanaoitaka timu. Kutokana na niliyoyasema, napendekeza mambo manne.

Kwanza, kabla ya kununua jezi, orodhesheni gharama zilizojificha: nauli, viatu, siku ya kazi inayopotea, matibabu ya aliyeumia. Kisha amueni ni nani atazibeba. Msipoamua, atazibeba mnyonge.

Pili, wekeni mfuko mdogo wenye kanuni iliyoandikwa, kwa mfano wa ile peni ya kila tani, kuliko kutegemea harambee kubwa ya mara moja.

Tatu, wapeni wachezaji na wazazi viti na kura katika kamati. Asiitwe kijana kwenye kikao ili asomewe maamuzi.

Nne, gawanyeni kazi za kujitolea kwa zamu, ziandikwe, na kila mmoja awe na wa kumpokea.

Watu wa kaskazini mwa Uingereza hawakuanza kwa kudai makubwa. Walidai ujira wa nusu siku. Kwa kuwa walinyimwa hicho kidogo, walilazimika kujenga nyumba yao wenyewe, na baada ya miaka zaidi ya 125 nyumba hiyo bado inapokea watoto. Nasi tukitaka vijana watoe kwa ridhaa, tuwape kwanza kilicho haki yao. Ndipo kujitolea kwao kutakuwa zawadi ya kweli.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika timu au vikundi vyetu, ni nani asiyeweza kushiriki kwa sababu ya gharama ambayo hatujawahi kuitaja?

2. Je, tumewahi kukataa ombi la haki kwa kisingizio cha kulinda maadili au desturi?

3. Ni nani katika jumuiya yetu anayebeba kazi nyingi za kujitolea peke yake? Tutampokea mzigo gani kabla ya mwezi huu kwisha?